Mtaani waliniita Zimamoto

Kwa miaka ishirini na saba jina langu la mtaani lilikuwa Zimamoto. Muuza genge, fundi baiskeli, hata shehe wa msikiti wetu, wote hivyo hivyo. Mke wangu akawa Mama Zimamoto. Siku moja mwanangu wa pili alirudi kutoka shule analia, wenzake wamemwambia baba yake hufika nyumba ikiwa imeshakuwa majivu. Nilicheka. Sikupaswa kucheka, maana mtoto alikuwa anabeba jina ambalo mimi ndiye niliyelipenda, si yeye.

Siku hizi vijana wanaoomba kazi hii hupita kwangu. "Shikamoo mzee, nimeitwa kwenye usaili, nifanyeje?" Wanategemea niwaambie habari za kukimbia kilomita ngapi na kupanda ngazi. Hayo watafundishwa, na miguu itaota sugu yenyewe. Mimi huwaambia habari za shimo.

Ilikuwa saa nne asubuhi, wakati wa masika. Kijana ameteremka kwenye shimo la choo la zamani kutafuta simu iliyodondoka. Hakutoka. Mdogo wake akamfuata, naye kimya. Tulipofika tulimkuta baba yao ameshavua shati, kamba ya manila kiunoni, mguu mmoja uko ndani. Nikamkumbatia kwa nyuma. Alikuwa mkubwa kuliko mimi, fundi mwashi, akanipiga viwiko vya mbavu huku anauliza, "Wewe una watoto? Wewe una watoto?" Umati nao unapiga kelele: si ndiyo kazi yao, mbona hawashuki?

Wenzangu wawili walikuwa wanavaa mitungi ya hewa. Mtu asiyejua akiwatazama atasema wanajipamba. Kaza mkanda, soma geji ya hewa iliyomo mtungini, vaa barakoa, weka kiganja usikie kama inavuja, jibu jina lako, funga kamba, mwenzako aikague. Dakika nne, labda tano. Mimi katika dakika hizo kazi yangu ilikuwa moja tu, kumshika mzee yule asife.

Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21. Kwenye shimo la aina ile inaweza ikawa imebaki kidogo mno, na nafasi yake imechukuliwa na gesi za uchafu uliooza. Ile inayonuka mayai viza ndiyo hatari zaidi, kwa sababu ikizidi huua pua kwanza. Unadhani harufu imeisha, kumbe unayeisha ni wewe. Wanaokufa shimoni mara nyingi ni wale waliofuata kuokoa: kaka, baba, jirani mwenye huruma. (Na wale wanaoteremsha mshumaa kupima, jamani acheni. Mshumaa haukuambii kama kuna sumu, na gesi nyingine huko chini zinawaka.)

Mdogo alitoka anapumua. Mkubwa hakutoka hivyo. Yule baba sikumwona tena baada ya siku ile, na sikuwahi kwenda kumuuliza kama alinisamehe. Nilipita mtaa wake mara nyingi tu. Nilikuwa nazunguka kwa barabara ya nyuma.

Basi kijana anayeniuliza nifanyeje, namuuliza: utaweza kusimama pale? Kuitwa huna roho, mbele ya mama anayegaragara chini, na bado ukasoma geji mpaka mwisho? Kuruka ndani ni rahisi, damu yenyewe inakusukuma. Kama unadhani utakuwa askari mzuri kwa sababu huogopi kitu, ningekushauri utafute kazi nyingine. Mimi niliogopa kila zamu, na wale ambao hawakuogopa ndio walionipa kazi ya kuwavuta.

Tena usidhani gwanda ndilo linaloleta utu. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria iliangukia Ziwa Victoria pale Bukoba, ikiwa na watu 43. Watu 24 walipona. Miongoni mwa wa kwanza kufika alikuwa mvuvi kijana, Majaliwa Jackson, aliyeripotiwa kusaidia kufungua mlango kwa kasia, kisha naye akapoteza fahamu alipojaribu kuwafikia marubani. Baadaye serikali ikaagiza aingizwe Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Angalia mfuatano wake: moyo ulikuwapo tangu yuko kwenye mtumbwi, gwanda likafuata. Mimi nilianza kwa kinyume. Nilipewa gwanda nikiwa na miaka ishirini na mbili, nikadhani na moyo umo mfukoni. Ilinichukua miaka kadhaa kugundua kwamba ule ninapaswa kuutafuta mwenyewe.

Matusi utayazoea. Hapana, nimesema uongo, hutayazoea, ila utajua yanatoka wapi. "Mmekuja na gari halina maji!" Hilo nimelisikia mpaka usingizini. Hesabu yake iko hivi: gari likibeba lita 5,000, na mpira mmoja ukitoa lita 500 kwa dakika, dakika kumi maji yamekwisha. Mipira miwili, dakika tano. Kama haidranti ya karibu, lile bomba la mtaani tunalochotea maji, imejengewa kibanda cha chipsi, gari lazima lirudi kutafuta maji, na anayelitazama likiondoka wakati kabati lake linaungua hana muda wa hesabu. Nilikuwa najibu. Nilikuwa nabishana na watu wenye masizi usoni. Koplo mmoja mtu mzima akaniita pembeni akaniambia, "Mwanangu, huyo hakutukani wewe, anautukana moto. Wewe umesimama njiani tu." Tangu siku ile nikanyamaza, ingawa si kila mara.

Lililonichelewesha zaidi kulijua ni la nyumbani. Sisi wa zamani tuliona fahari kurudi na gwanda chafu. Masizi yalikuwa cheo. Unaingia sebuleni unanuka moshi, mtoto anakurukia, unambeba. Mwaka 2022 watafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka kazi ya zimamoto kwenye kundi la mambo yanayojulikana kuwa yanasababisha saratani kwa binadamu. Nilipoisoma hiyo nilikumbuka shati langu lilivyokuwa likifuliwa beseni moja na nepi. Kwa hiyo fulia kituoni, oga kituoni, vaa nguo zako, ndipo uende kwako. Na ukifika, ongea. Mimi baada ya lile shimo nilikaa miezi bila kusema, nikawa nakagua mlango na jiko mara tatu kila usiku. Mke wangu akavumilia mpaka akachoka, akaniambia, "Baba Rehema, mimi niliolewa na mtu. Huyu zimamoto simjui." Nilikasirika sana. Kisha nikamsimulia, yote, mpaka adhana ya alfajiri.

Rehema ndiye binti yetu wa kwanza. Kumbe jina nilikuwa nalo tangu zamani.

Nimestaafu sasa, nafuga kuku. Miezi michache iliyopita banda la seremala nyuma ya kwetu lilishika moto. Nikapiga 114. Mtaa wetu hauna namba za nyumba zinazoonekana, kwa hiyo nikafanya kile nilichotamani watu wafanye miaka yote: nikamwelekeza aliyepokea kwa kutaja shule na mnara wa simu, sikukata mpaka aliponiruhusu, halafu nikampa kijana wa bodaboda elfu mbili akasimame barabara kuu awalete. Gari likaja. Wakashuka vijana wanne, kofia safi, mmoja anafungua mpira mahali ambapo mimi nisingefungulia. Upepo ulikuwa unatoka kwa upande wa choo. Nikasogea nimwambie.

"Mzee, rudi nyuma," akasema, bila kunitazama.

Nyuma yangu mtu akapiga kelele kwamba wamechelewa. Nikarudi nyuma, hatua kama kumi, mpaka ukutani kwa jirani, nikasimama pale na watu wengine. Yule kijana alitazama moshi kidogo, akauhamisha mpira.