Trace ya perf kujaza diski: si wingi wa thredi

Hapana mkuu, faili la perf (zana ya Linux ya kupima programu inatumia muda wapi) halijazi diski yako kwa wingi wa thredi kama unavyodhani; kinachojaza ni kurekodi kwa --call-graph dwarf. Usipoipunguza, kila sampuli inabeba nakala ya staki (kumbukumbu ya miito ya funksheni inayoendelea) ya hadi baiti 8192. Kwa -F 99 (sampuli 99 kwa sekunde), kori 8 zikiwa kazini muda wote, unakaribia GB 4 kwa dakika 10, thredi ziwe 8 au 200. Halafu perf report inakula RAM kulisoma faili lote hilo.

Kompaili upya huo mfumo wako wa ghala la korosho Masasi unaoupima kwa -fno-omit-frame-pointer (inabakiza frame pointer, kielekezi cha kila fremu ya staki), urekodi kwa --call-graph fp, inayofuata vielekezi hivyo badala ya kunakili staki. Maktaba zisizokompailiwa hivyo zitakukatia mnyororo wa miito. Ukiona onyo la “lost chunks” (data iliyopotea), diski au CPU imezidiwa: ongeza bafa kwa -m 1024 (MB 4 kwa kila kori ukirekodi mfumo mzima kwa -a), au shusha hadi -F 49.