Kabla hujatia saini, uliza watoto ni wangapi

Mkataba wangu wa kwanza wa ualimu niliutia saini juu ya boneti ya gari la mkurugenzi, jua la Februari likiniwakia utosini. Niliangalia mshahara, nikaangalia likizo, basi. Idadi ya watoto haikunipitia akilini hata kidogo. Jumatatu yake nikakabidhiwa Gredi ya 2, watoto 56, katika shule moja ya kibinafsi upande wa Kisauni, Mombasa.

Asiyeifanya kazi hii hudhani shida ya darasa kubwa ni kelele. Kelele utazizoea. Madaftari ndiyo hayazoeleki. Daftari moja ukilitengea dakika 3 tu, 56 yanakula dakika 168, karibu saa 3, na hapo umesahihisha somo moja. Nilikuwa nikivuka feri ya Likoni jioni na kikapu kimenitegua bega, watu wakidhani natoka Kongowea na viazi. Na mtaala wa umilisi unataka umpime kila mtoto peke yake. Ijumaa moja najaza rekodi, nikafika kwa kijana mmoja aliyekuwa akikaa chini ya dirisha, kalamu ikasimama. Siijui sauti yake. Wiki nzima sikuwa nimemwita hata mara moja.

Mwaka wa pili nikajifanya mjanja. Nikamwambia mkurugenzi sitii saini mpaka idadi iandikwe. Hakubisha, na hilo pekee lilipaswa kunishtua. Akaandika: “Wastani wa wanafunzi kwa kila darasa hautazidi 40.” Nikafurahi, nikawanunulia wenzangu mahamri na mbaazi asubuhi ile.

Shule ilipofunguliwa, Gredi yangu ilikuwa na watoto 58. Nikaenda afisini na mkataba mkononi. Akatoa rejista, akachukua kikokotoo, akanihesabia mbele yangu bila haraka: madarasa 6, yenye watoto 58, 54, 46, 37, 25 na 20. Jumla 240. Gawanya kwa 6. “Arobaini kamili, mwalimu wangu.” Hesabu haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu, nililipita neno “wastani” kama mtu anavyopita kibao cha barabarani.

Kwa hiyo ukiona “wastani”, “takriban” au “kadiri hali itakavyoruhusu”, weka kalamu chini. Hatuko peke yetu katika hili. Walimu wa Los Angeles, Marekani, walikuwa na idadi katika makubaliano ya chama chao na mwajiri, lakini humo humo mlikuwa na kipengele kilichomruhusu mwajiri kuipita. Januari 2019 waligoma siku 6 za masomo, na kuondolewa kwa kipengele hicho kulikuwa miongoni mwa waliyoyapata.

Mkataba wa tatu niliuandaa kama mtu anayekwenda kuposa. Kwanza niliazima tepu ya fundi wa nguo jirani yangu, nikapima chumba baada ya watoto kwenda nyumbani. Mwongozo wa usalama shuleni wa Wizara ya Elimu, wa mwaka 2008, unasema darasa la mita 7.5 kwa 6 lichukue watoto wasiozidi 40, wakikaa wawili wawili kwenye dawati. Kila mtoto akiwa na dawati lake, 30. Langu halikufika mita 7. Nikaviandika vipimo kwenye karatasi. Ukienda na “mimi nachoka” utapewa pole. Ukienda na vipimo, mnazungumza.

Shule ilikuwa nyingine, na mkurugenzi ni mama wa makamo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akashusha miwani.
“Sasa mwalimu, wataka niwarudishe watoto wa watu langoni?”
“La, mama. Waingie. Wakizidi 40 nipe msaidizi.”
“Na nikikosa msaidizi?”
“Nipunguzie vipindi 4 kwa wiki, nisahihishie humu humu shuleni.”
Akacheka. Tulivutana hadi vipindi 3.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo yote. Shule ya kibinafsi inaishi kwa karo, haitamkataa mzazi aliyekuja na pesa mkononi, na mimi simlaumu mkurugenzi. Idadi isiyosema kitatokea nini ikipitwa ni pambo tu. Andikeni pia siku ya kuhesabu. Sisi tulichagua Ijumaa ya wiki ya 3, kwa sababu wiki ya kwanza nusu ya watoto bado wako nyumbani wakisubiri karo, na mwajiri akihesabu siku hiyo utaonekana una darasa la watu 19. Nakala ya rejista ya siku hiyo kaa nayo wewe.

Usiambiwe kwamba “sisi hapa tunaaminiana”. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa miezi 3 au zaidi uwe wa maandishi, na ueleze kazi yenyewe ni ipi. Kwangu mimi, kufundisha watoto 40 na kufundisha 58 ni kazi mbili tofauti.

Walioajiriwa na TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu wa shule za umma, hawana meza ya kukaa na mkurugenzi, hilo nalijua. Njia yao ni chama cha walimu, KNUT au KUPPET, na mazungumzo ya huko kila mara humezwa na mishahara na marupurupu. Ukihudhuria mkutano wa tawi, inua mkono uulize idadi. Kule British Columbia, Kanada, serikali ilifuta vipengele vya ukubwa wa madarasa kwa sheria mwaka 2002, chama kikapambana kortini mpaka Mahakama ya Juu ikakipa haki Novemba 2016. Miaka 14 kwa ajili ya tarakimu mbili tatu kwenye karatasi.

Muhula huu Ijumaa ya wiki ya 3 nilihesabu 44. Msaidizi alikuja Jumatano iliyofuata, binti mpole aliyetoka chuoni juzi tu. Nimempa safu ya dirishani.