Ukivuka Mpaka kwa Basi, Anza na Bei ya Unga

Vijana wengi huniuliza nauli ya Lusaka, basi lipi zuri, pesa wabadilishie wapi. Ni maswali ya maana, lakini kuna moja ambalo naliona kubwa zaidi: ukishafika kwa watu, uzungumze nao nini mpaka uwaelewe? Jibu langu, baada ya miaka mingi ya kusafiri kwa nchi kavu, ni kwamba anza na bei ya chakula chao. Jina la rais wao waachie walitaje wenyewe.

Chukua Zambia. Ukimuuliza abiria mwenzako ndani ya basi lililojaa, "Rais wenu mnamwonaje?", atakutazama, atajiuliza umetumwa na nani, kisha atakupa majibu ya redioni. Lakini ingia dukani Nakonde, ukishavuka tu Tunduma, umsalimie mama muuzaji vizuri, halafu uulize mfuko wa unga wa kilo 25 ni kwacha ngapi. Kwanza atataka kujua unataka breakfast au roller. Breakfast ni sembe nyeupe, laini. Roller imebaki na pumba zaidi na bei yake ni nafuu. Wakati huo angalia wateja wanaondoka na mfuko upi, utajua hali ya mji ilivyo. Kisha atakutajia bei ya mwezi uliopita, ya mwaka jana, ya enzi za rais fulani na fulani, na aliyesimama nyuma yako naye atadakia.

Wana sababu. Desemba 1986 serikali ya Kenneth Kaunda ilipopandisha bei ya unga, miji ya Copperbelt, ukanda wa migodi ya shaba, ilichafuka, watu wakapoteza maisha, bei ikarudishwa. Juni 1990 ikapandishwa tena, na safari hii vurugu zikawa Lusaka kwenyewe. Mwaka 1991 Kaunda, aliyeongoza tangu uhuru wa 1964, akashindwa kwenye uchaguzi wa vyama vingi. Mzee wa kule akikueleza habari za unga, msikilize mpaka mwisho.

Si Zambia peke yake. Sudan, maandamano yaliyomwondoa Rais Omar al-Bashir Aprili 2019 yalishika moto Desemba 2018 katika mji wa Atbara, bei ya mkate ilipopanda mara tatu. Kenya mwaka 2024, Muswada wa Fedha ulikuja na pendekezo la kutoza mkate VAT ya asilimia 16. Pendekezo hilo liliondolewa, hasira ikabaki, na Juni 25 waandamanaji wakaingia bungeni Nairobi. Ndiyo maana sipendi kuona mtu anatua Nairobi kwa ndege, analala hotelini, anarudi Dar na hukumu juu ya Wakenya. Panda basi pale Mbezi Louis, pitia Namanga, kaa karibu na mfanyabiashara anayevusha mzigo wake, umsikilize.

Kwa Zambia, kama ratiba inaruhusu, napendelea treni ya TAZARA. Reli ile ya Tanzania na Zambia, kilomita 1,860, ilijengwa kwa mkopo wa China usio na riba, baada ya walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, kujitangazia uhuru wao mwaka 1965 na shaba ya Zambia, iliyokuwa ikipita huko, kuhitaji njia nyingine ya kufika baharini. Nchi za Magharibi na Benki ya Dunia zilikuwa zimekataa kuigharamia. Kati ya Mlimba na Makambako, treni inapoingia handaki moja na kutokea kwenye daraja jingine, utaelewa ni kazi ya namna gani iliyofanyika pale. Wazambia wa umri mkubwa wanaijua habari hiyo vizuri, na ukisema umetoka Dar mazungumzo yanaanza yenyewe.

Kuna mahali pa kuwa na tahadhari. Rwanda usimuulize mtu kabila lake, hata kwa nia njema. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 jambo hilo ni jeraha, na sheria zake ni kali. Uliza bei ya maharage na viazi, uliza habari za umuganda, kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Asubuhi hiyo usipange safari. Na popote ulipo, mpakani simu iwe mfukoni: usipige picha maofisa, madaraja wala magari ya jeshi.

Pasipoti iwe na muda wa kutosha na kadi ya homa ya manjano isiachwe nyumbani.

Halafu jiandae kuulizwa wewe. Kabla hujaondoka, pita dukani mtaani kwako ujue kilo ya sembe ni shilingi ngapi, mchele, mafuta ya kula, lita ya petroli. Mama wa Nakonde akishakujibu, atakugeuzia swali hilo hilo, na wote walio dukani watanyamaza wasikie kwetu kukoje. Wajibu kweli, bila kuipamba nchi na bila kuichafua.