Jeli ya chembe sahani kwa kidonda sugu: kagua mguu kabla ya kutoa damu

Kidonda kikikaa wiki kadhaa bila kusogea, kila mtu huanza kutafuta kitu kipya cha kupaka. Jeli inayotengenezwa kwa damu ya mgonjwa mwenyewe ni mojawapo ya tiba zinazostahili kufikiriwa, na ushahidi wake ni mzuri kuliko wa dawa nyingi za kupaka zinazosifiwa. Lakini inaposhindwa, kosa mara nyingi haliko kwenye mrija wa damu. Liko kwenye mguu: damu haifiki, mfupa una maambukizi, au mgonjwa bado anakanyaga palepale palipotoboka. Makala haya ni ya wauguzi, matabibu na ndugu wanaomuuguza mgonjwa. Wa nyumbani asome ili ajue cha kuuliza. Kazi yenyewe hufanyiwa kituoni.

Chembe sahani tunazijua kwa kugandisha damu. Ndani yake mna pia vifuko vidogo vilivyosheheni protini zinazoita seli za kujenga nyama, kuotesha vishipa vipya vya damu na kuisukuma ngozi isogee kutoka kingoni. Damu ya kawaida ina chembe sahani 150,000 hadi 450,000 kwa kila mikrolita. Plazma (majimaji ya damu) iliyokolezwa chembe sahani, inayojulikana kama PRP, huwa nazo mara mbili hadi tano ya kiwango cha mgonjwa huyo. Chembe hizo zikishaamshwa, humwaga sehemu kubwa ya protini zake ndani ya dakika kumi, na karibu zote ndani ya saa moja. Shika jambo hilo, maana ndilo linaloamua mpangilio wa kazi nzima.

Kabla ya sindano

Anza na mtiririko wa damu. Papasa mapigo juu ya wayo na nyuma ya kifundo cha ndani, kisha pima uwiano wa presha ya kifundo cha mguu na ya mkono. Chini ya 0.9 kuna mshipa ulioziba kwa kiasi fulani. Kwa mwenye kisukari, usifarijike ukipata zaidi ya 1.3: kuta za mishipa zimekuwa ngumu kiasi kwamba mkanda wa presha hauwezi kuzibana, na namba inadanganya. Pima presha ya kidole gumba cha mguu. Ikiwa chini ya milimita 30 za zebaki, mgonjwa huyu ni wa daktari wa mishipa kwanza. Jeli juu ya nyama isiyopata damu hukauka na kuwa gamba.

Kisha maambukizi. Wekundu na joto lililoenea zaidi ya sentimita 2 kutoka kingoni, usaha au uvimbe unaoongezeka ni sababu ya kuahirisha. Chukua kijiti cha chuma kilichotakaswa, kipitishe polepole chini ya kidonda. Kikigonga kitu kigumu chenye kukwaruza, umegusa mfupa, na maambukizi ya mfupa lazima yachunguzwe. Eksirei ya mwanzo inaweza kuonekana safi kwa wiki mbili au tatu huku mfupa unaoza, kwa hiyo ukiwa na shaka irudie. Hapa ndipo watu wanapoharakisha, na hapa ndipo kidonda hufunga juu kikiwa na shimo chini.

Angalia uzito na uvimbe. Kidonda cha unyayo wa mwenye kisukari kinahitaji plasta ngumu ya kufunga mguu au kiatu maalumu kinachohamisha uzito, na chenye matokeo bora ni kile ambacho mgonjwa hawezi kukivua mwenyewe. Kidonda cha mguu kinachotokana na mishipa ya vena iliyochoka kinahitaji bandeji ya kubana, karibu milimita 40 za zebaki kwenye kifundo, mradi uwiano wa presha ni 0.8 au zaidi. Kidonda cha kulalia kinahitaji mgonjwa ageuzwe kwa ratiba na godoro linalofaa. Haya yakikosekana, ni afadhali damu ya mgonjwa ibaki mwilini mwake.

La mwisho ni saratani. Kingo zilizoinuka na kujikunja, nyama inayovuja damu kwa kuguswa kidogo tu, au kidonda kilichozuka kwenye kovu la zamani la moto: kata kipande kipelekwe maabara. Hatutaki kuweka vichocheo vya ukuaji juu ya saratani.

Upande wa damu yenyewe, pima picha kamili. Chembe sahani chini ya 100,000, hemoglobini chini ya gramu 10 kwa desilita, au mgonjwa mwenye maambukizi yaliyoenea mwilini: subiri. Aspirini na dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki hupunguza uamkaji wa chembe sahani. Za maumivu zinaweza kubadilishwa mapema, lakini aspirini ya moyo isisimamishwe kwa ajili ya jeli bila kauli ya daktari aliyeiandika.

Ushahidi unasema nini

Jaribio ambalo ningemwonyesha mgonjwa anayeuliza lilichapishwa mwaka 2018, likihusisha kliniki za Uingereza, Denmark na Sweden. Walichukua mililita 18 za damu, wakaizungusha ikawa utando wa faibrini (nyuzi za mgando wa damu), chembe sahani na chembe nyeupe, wakaubandika kila wiki kwenye vidonda vya miguu vya wenye kisukari. Katika wiki 20, asilimia 34 ya waliobandikwa walipona, dhidi ya asilimia 22 ya waliopata huduma nzuri ya kawaida peke yake. Kumbuka kwamba kila mgonjwa alihudumiwa vizuri kwa wiki nne kabla ya kuingizwa, na wale ambao vidonda vyao vilipungua kwa nusu au zaidi katika wiki hizo waliachwa nje. Kwa hiyo faida ipo, nayo ni ya kidonda kilichogoma baada ya mambo ya msingi kufanyika. Mwambie mgonjwa namba hizo waziwazi. Wengi hawakupona ndani ya muda huo hata kwa utando.

Kwa vidonda vya vena na vya kulalia ushahidi ni hafifu zaidi. Mapitio ya mwaka 2016 ya Cochrane, shirika linalochambua majaribio ya tiba, yalikusanya majaribio 10 yenye washiriki 442, na matumaini yaliyoonekana yalikuwa upande wa mguu wa kisukari.

Kutoa na kuzungusha

Kuna njia mbili. PRP hutumia mirija yenye kizuia mgando, huzungushwa mara moja au mbili, kisha huamshwa kwa kalsiamu. PRF, yaani utando wa faibrini wenye chembe sahani nyingi, haina kizuia mgando wala dawa yoyote. Damu hujigandisha yenyewe ndani ya mrija inapozunguka. Pasipo na vifaa vingi, mimi ningechagua PRF. Hatua ni chache, na kila hatua iliyopungua ni nafasi moja ya uchafu iliyozibwa.

Kwa njia zote mbili, toa damu kwa sindano ya geji 21 au pana zaidi, kwenye mshipa mnene, ukichoma mara moja. Mshipa ukitafutwatafutwa, au damu ikija kwa matone, chembe sahani huamka njiani na kumaliza kazi kabla ya kufika kidondani. Andika jina na namba ya mgonjwa kwenye mrija hapohapo kitandani. Damu ya mtu mmoja ikiishia kwenye kidonda cha mwingine, umempelekea hatari ya virusi vya homa ya ini na VVU. Ukiweza, hudumia mgonjwa mmoja tu kwa wakati mmoja.

Kwa PRP tumia kizuia mgando cha sitreti, sehemu 1 kwa sehemu 9 za damu, na ujaze mrija hadi mstari. Mrija uliojaa nusu una sitreti iliyozidi, na jeli yake itachelewa kushika. Geuza taratibu, usitikise. Mirija ya kifuniko cha zambarau, yenye kizuia mgando kingine kiitwacho EDTA, ni ya kupimia picha ya damu. Huharibu umbo la chembe sahani, usiitumie hapa.

Sasa mashine ya kuzungushia damu. Makosa mengi hutokana na kunakili mizunguko kwa dakika kutoka kwenye mashine ya mwingine. Kinachotenganisha damu ni nguvu ya g, yaani msukumo unaopimwa kwa kulinganishwa na mvutano wa dunia, nayo hutegemea pia nusu kipenyo cha rota, ile sehemu inayozunguka ikiwa imeshika mirija: zidisha 0.00001118 kwa nusu kipenyo kwa sentimita, kisha kwa mizunguko kwa dakika iliyozidishwa kwa yenyewe. Mizunguko 1,500 kwenye rota ya sentimita 8 ni karibu g 200. Mizunguko hiyohiyo kwenye rota ya sentimita 15 ni karibu g 377, na chembe sahani nyingi zitashuka pamoja na chembe nyekundu. Kwa PRP ya mizunguko miwili, anza na karibu g 200 kwa dakika 10. Nyonya plazma ya juu pamoja na utando mwembamba mweupe ulio juu kabisa ya wekundu, weka kwenye mrija mtupu uliotakaswa, zungusha tena kwa karibu g 400 kwa dakika 10. Punguza theluthi mbili za juu, ambazo ni maskini wa chembe, na uchanganye taratibu zilizobaki. Zima breki ya mashine, la sivyo matabaka yatavurugika inaposimama. Mililita 10 za damu hutoa takriban mililita 1. Halafu fanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: peleka tone la ulichotengeneza maabara likahesabiwe. Kama halifiki angalau mara mbili ya damu ya mgonjwa, rekebisha mashine kabla ya kuendelea.

Kwa PRF, saa ndiyo adui. Mrija uwe wa kioo, au wa plastiki uliopakwa silika, na uingie kwenye mashine ndani ya dakika moja au mbili tangu damu itoke. Uwe na mrija wa maji wa uzito sawa tayari wa kusawazisha mashine. Ukichelewa, damu hugandia chini na hutapata utando, bali vipande laini visivyoshikika. Mwongozo unaotumika sana ni mizunguko 2,700 kwa dakika kwa dakika 12, nao uandamane na hesabu ya rota yako. Ukimaliza utaona maji ya manjano juu, donge la faibrini katikati, wekundu chini. Livute donge kwa kibanio, likate kutoka kwenye wekundu ukiliachia milimita 1 au 2 nyekundu, kwa sababu chembe sahani nyingi zimejikusanya mpakani hapo. Libonyeze taratibu kati ya vipande viwili vya shashi iliyotakaswa liwe bapa. Usilikamue likauke.

Kuweka kidondani

Andaa kidonda wakati mashine inazunguka. Ondoa nyama iliyokufa na ngozi ngumu ya kingoni mpaka uone nyama nyekundu yenye vitone vya damu, osha kwa maji ya chumvi ya hospitali, na usiache aiodini wala haidrojeni peroksaidi. Hizo zinaua seli unazotaka kuziita.

PRP huamshwa kidonda kikiwa tayari, si kabla. Kloridi ya kalsiamu ya asilimia 10, mililita 0.1 kwa kila mililita 1 ya PRP, hutoa jeli baada ya takriban dakika 10. Kalsiamu glukoneti ina karibu theluthi moja tu ya kalsiamu hiyo kwa ujazo uleule, kwa hiyo usibadilishane kwa kipimo kilekile. Thrombini ya ng'ombe, protini ya kugandisha damu, iepukwe. Mwili unaweza kutengeneza kinga dhidi yake ambayo hugeukia vigandisha damu vya mgonjwa na kumfanya avuje.

Jaza jeli hadi pembe za ndani, funika kwa bandeji isiyonata, kisha shashi, kisha plasta au bandeji ya kubana kama kidonda kinavyodai. Acha tabaka la ndani siku 5 hadi 7. Shashi ya nje ikilowa, badilisha hiyo tu. Siku ya kufungua utakuta utando wa manjano wenye utelezi na harufu kidogo. Hiyo kwa kawaida ni jeli iliyoyeyuka, na hutoka kwa maji ya chumvi. Usaha huja na maumivu mapya, joto, wekundu unaotambaa au homa. Hapo usiweke nyingine.

Pima urefu na upana kila wiki, kwa rula ileile, mguu ukiwa mkao uleule. Kidonda cha sentimita 4 kwa 3 ni sentimita 12 za mraba. Baada ya wiki nne kinapaswa kukaribia 6. Kama hakijasogea, usiongeze damu. Rudi kwenye presha ya kidole gumba, kijiti cha chuma, eksirei na kiatu, kwa mpangilio huohuo.

Kikifunga, usimwondolee mgonjwa kinga siku hiyohiyo. Kwa wenye kisukari, karibu 40 katika kila 100 hupata kidonda tena ndani ya mwaka, na ngozi mpya ni nyembamba. Mpe kiatu chenye soli iliyotengenezwa kufuata wayo wake, mwelekeze yeye au ndugu yake akague unyayo kila siku, na mpangie tarehe ya kurudi kabla hajatoka mlangoni.