Betri Ikivimba, Usiifiche

Natengeneza bajaji na pikipiki za umeme hapa Majengo, Dodoma. Mafundi wenzangu, betri ya lithiamu ikiharibika, habari zake zisiishie mezani kwako. Mteja huficha akihofia bei ya kuuzia chombo chake itashuka, muuzaji huhofia jina lake, na fundi (tuseme ukweli) anaogopa kuambiwa hajui kazi. Basi kila mtu anabaki na kipande chake cha habari, na chanzo cha moto hakijulikani.

Mwaka 2021 kulikuwa na suala la magari ya umeme ya Chevrolet Bolt yaliyokuwa yakiwaka moto hata yakiwa yameegeshwa. General Motors, watengenezaji wa gari hilo, na LG, watengenezaji wa seli (vibetri vidogo vinavyounda betri nzima), walichunguza pamoja wakakuta kasoro mbili za kiwandani zikikutana kwenye seli moja: kijiulimi (kipande cha kupitishia umeme) cha upande wa hasi kimechanika, na kitenganishi kimekunjika. Kitenganishi ni utando mwembamba unaozuia chanya na hasi zisigusane. Zikigusana ni shoti: seli inachemka, inatoa gesi zinazowaka, na jirani yake inafuata. Ndiyo maana moto huu huweza kurudi saa kadhaa baada ya kuzimwa. Mchanga unafunika miali tu. Maji mengi ndiyo yanayopoza. Seli za LFP (za chuma na fosfeti) zinahimili joto kuliko za NMC (za nikeli, manganizi na kobalti), ila nazo zinaungua.

Mimi nina daftari. Kila betri mbovu naandika aina ya seli, chaja iliyotumika, kama iliwahi kuanguka au kuingia maji, na kama ilichomekwa ikiwa bado ya moto. Hilo la mwisho ni letu kabisa: dereva anatoka Mtumba jua la Oktoba, anaingia chumba cha bati, anachomeka papo hapo. Mtafiti aliye maabara ya mbali atayajuaje hayo?

Kwa hiyo nendeni UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, mkazungumze na wahandisi. Pelekeni daftari na picha kwanza. Betri yenyewe msiipakie kwenye daladala. Iliyovimba usiichaji wala usiitoboe, iweke nje mbali na ukuta. Ikianza kutoa moshi, ondokeni upande unakoelekea, maana una sumu, kisha pigeni 114 na mseme mapema kwamba ni betri ya lithiamu. Zimamoto wakimaliza, waombeni maelezo ya walichokikuta, nayo yaingie daftarini.