Baba anasinzia kutwa: tumwongezee oksijeni au tununue BiPAP?

SWALI: Shikamoo daktari. Baba yangu ni mvuvi wa zamani hapa Mikindani, kavuta sigara miaka mingi, na ana ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa. Alitoka hospitali mwezi uliopita, yuko kwenye mashine ya oksijeni. Usiku akihema sana tunampandishia. Asubuhi anaamka kichwa kinamuuma, halafu anasinzia kutwa. Kaka aliyeko Dar amepata BiPAP, mashine ya kusaidia kupumua, iliyotumika. Tukiinunua, oksijeni tuache?

JIBU: Marahaba. Huko kumpandishia ndiko kunakonitisha. Rudisheni kiwango alichoandikiwa, msiizime, na mpelekeni hospitali ya Ligula leo hii. Kichwa cha asubuhi na usingizi wa mchana ni dalili kwamba hewa ukaa inajaa kwenye damu.

Oksijeni haiondoi hewa ukaa mwilini. Kwa mgonjwa wa aina yake, ikizidi huifanya ibaki nyingi zaidi. Tena kile kipimo cha kidoleni hakiioni kabisa: kinapima oksijeni tu, kinaweza kusoma asilimia 97 mkafurahi, kumbe mzee anazama. Wagonjwa hawa kwa kawaida tunawaweka kati ya 88 na 92.

BiPAP ni kazi nyingine. Kupitia barakoa, bila mpira kooni, inasukuma hewa kwa nguvu anapovuta pumzi na kulegeza anapoitoa. Misuli ya kifua inapumzika, hewa ukaa inatoka. Oksijeni huunganishwa humo humo, kwa hiyo hamuiachi.

Je, anaihitaji nyumbani? Jibu liko kwenye damu ya ateri, inayochukuliwa kifundoni mwa mkono, wiki 2 hadi 4 baada ya shambulio kutulia. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2017 uliwachukua waliobaki na hewa ukaa ya juu ya milimita 53 za zebaki kwenye damu hiyo. Wenye oksijeni peke yake, nusu yao walikuwa wamelazwa tena au kufariki ndani ya mwezi 1.4, walioongezewa mashine, miezi 4.3. Aliye chini ya hapo anaweza asifaidike kitu.

Hela ya kaka ikae kwanza. Mitumba mingi ni CPAP, yenye msukumo mmoja tu, ya wanaokoroma na kukatika pumzi usingizini. Kwa macho zinafanana. Hata ikiwa BiPAP kweli, msukumo hupangwa na mtaalamu mgonjwa akiwa mbele yake. Vitundu vya barakoa msivizibe kwa plasta eti hewa inavuja: hapo ndipo hewa ukaa inapopitia kwenda nje. Na umeme wa kwetu mnaujua, ulizieni betri kabla ya bei.

Moto wa kuni na sigara vikae mbali na oksijeni.