Maswali na majibu: shira ya forosadi na matunda mengine

Wengi wetu shira tunaijua ile ya kalimati na visheti: sukari, maji, hiliki. Shira ya matunda ni hiyo hiyo, ila maji yake hutoka kwenye tunda. Tunda nalo huja na uchachu wake, harufu isiyopenda moto mkali, na hamira ya asili iliyoganda kwenye ngozi yake. Karibu maswali yote yaliyonifikia yanatokana na hayo matatu.

Kwetu kuna mforosadi mkubwa. Watoto wanakula, ndege wanakula, na bado zinaanguka na kuoza. Dada, nielekeze shira tangu mwanzo. (Lushoto)

Anzia chini ya mti. Forosadi haziivi kwa mpigo. Tawi moja lina za kijani, nyekundu na nyeusi. Ukichuma moja moja utashinda hapo. Tandika kanga kuukuu au turubai asubuhi kabla jua halijakolea, kisha tikisa tawi taratibu. Zilizoiva zitaanguka zenyewe, mbichi zitabaki. Zipike siku hiyo hiyo, maana forosadi haina ganda la kuilinda. Ukizilaza kwenye ndoo, kesho yake utafunua na kukuta harufu ya pombe.

Zisuuze haraka, usiziloweke. Vikonyo usihangaike navyo, vitabaki kwenye kitambaa. Kwa kilo moja ya forosadi tia kikombe kimoja cha maji (mililita 250). Tumia sufuria ya stenlesi au ya enameli, kwa sababu ya aluminiamu haipatani na uchachu: rangi hufifia na ladha ya bati huingia. Weka moto mdogo, ponda kwa mwiko, na usizidishe dakika 15. Utaona yale maji ya waridi yanakuwa mazito na meusi kama wino. Hapo epua, usingoje zaidi, kwa kuwa harufu ya tunda ndiyo inayotangulia kuondoka na mvuke.

Mimina kwenye kitambaa safi, funga ncha zake na ukining'inize juu ya bakuli kwa saa mbili. Usipokikamua, utapata shira inayong'aa. Mimi hukamua, kwa sababu siko tayari kutupa ladha kwa ajili ya urembo.

Sasa pima, wala usikisie kwa macho. Kwa kila lita ya maji ya tunda, tia sukari kilo moja ukitaka shira nyepesi ya kuweka kwenye friji wiki mbili hadi tatu. Ukitaka nzito inayodumu miezi, tia kilo moja na nusu. Ongeza vijiko vikubwa vitatu vya maji ya ndimu. Forosadi, hasa zile nyeupe, ni tamu lakini uchachu wake ni mdogo. Ndimu huamsha ladha, hushika rangi na husaidia shira isiharibike. Koroga mpaka sukari iyeyuke yote kabla haijachemka, kisha iache ichemke dakika tano huku ukiengua povu. Jaza ikiwa ya moto kwenye chupa za kioo ulizozichemsha dakika 10. Chupa nazo ziwe za moto, la sivyo zitapasuka mkononi mwako. Hata hiyo nzito, ikishapoa iweke kwenye friji.

Shira yangu ilikuwa nzuri, baada ya wiki imekuwa chengachenga kama mchanga. (Unguja)

Sukari imerudi kwenye asili yake. Chembe moja tu iliyobaki ukingoni mwa sufuria inatosha kuwaita wenzake wote. Mara ijayo, ikishaanza kuchemka usiikoroge tena, na futa kingo za sufuria kwa brashi iliyolowa maji. Ndimu husaidia hapa pia: uchachu ukikutana na moto huivunja sukari iwe ya aina isiyoganda kirahisi. Hiyo uliyonayo usiitupe. Iweke kwenye moto mdogo na vijiko vichache vya maji mpaka chembe zote ziyeyuke, kamulia ndimu nusu, ichemke kidogo, irudishe kwenye chupa safi.

Nafuata kipimajoto kama nilivyoelekezwa, nyuzi 104, lakini shira inatoka nzito kama gundi na imeungua ladha. (Nairobi)

Hujakosea wewe, ni mwinuko wa mahali ulipo. Hizo nyuzi 104 ni za usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwa nyuzi 100. Nairobi iko kwenye mita 1,700 hivi na maji huchemka karibu nyuzi 94 au 95. Ukingoja 104 unakuwa umeshakausha maji mengi kupita kiasi. Kwa hiyo tumbukiza kipimajoto kwenye maji yanayochemka kwanza, soma namba, kisha jumlisha nne. Hiyo ndiyo namba ya jikoni kwako. Na chupa zako zichemshe dakika 15 badala ya 10.

Asiye na kipimajoto atumie vidole kama walivyofanya bibi zetu: tone kwenye kisosi baridi, lipoe, libane kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha vitenganishe. Uzi mfupi ukivutika na kukatika, epua. Uzi mrefu usiokatika ni wa peremende, umepitiliza.

Nimefungua chupa ikatoa mlio na mapovu. Bado inanukia vizuri tu. Naweza kuichemsha upya? (Dar es Salaam)

Hapana, mwaga. Imeshachacha. Mlio huo ni hewa iliyotengenezwa na hamira iliyokuwa inakula sukari humo ndani, na chupa ya kioo iliyofungwa kwa nguvu inaweza kupasuka. Mimi iliwahi kunipasukia kabatini usiku, vioo vikasambaa hadi kwenye gunia la mchele, na ule mchele sikuthubutu kumpikia mtu. Fungua chupa zilizobaki nje ya nyumba, ukiwa umezifunika kwa taulo nene. Ukiona ukungu juu ya shira, pia usiuengue ukaendelea kutumia. Mwaga yote.

Chanzo chake mara nyingi ni sukari kupunguzwa ili “isiwe tamu sana”. Nakuelewa, na hakuna ubaya, lakini shira ya sukari kidogo ni ya kugandisha. Mimina kwenye trei ya barafu, uweke kwenye friza, kila ukitaka kinywaji unatoa vipande viwili.

Ya zambarau inanikakasa mdomo. (Tanga)

Chagua zilizoiva kabisa, nyeusi na laini. Zipondeponde kwa mikono pamoja na chumvi kidogo, utoe kokwa zote kabla ya kuweka motoni, maana kokwa zikichemka ukakasi huongezeka. Ukichanganya nusu zambarau nusu forosadi utapata kitu kizuri kuliko kila moja peke yake.

Ramadhani huku hakuna meza bila Vimto. Naweza kutengeneza ya nyumbani? (Maskati)

Vimto, ile shira ya matunda ya kuchanganya na maji, ilianza Manchester, Uingereza, mwaka 1908, kwa John Noel Nichols, na msingi wake ni zabibu, raspiberi na kuranti nyeusi pamoja na viungo. Fomula yao sina, ila ya kukaribia ladha hiyo ninayo: nusu kilo ya zabibu mbichi nyeusi na nusu kilo ya beri mchanganyiko za kugandishwa. Usiogope za kugandishwa, barafu imeshazipasua ndani na hutoa maji upesi. Pika kama nilivyomweleza wa Lushoto. Ukishaepua, tia kijiti cha mdalasini, karafuu tatu na hiliki mbili zilizopasuliwa, funika robo saa, kisha chuja. Viungo vikichemka na sukari, karafuu hutawala kila kitu. Usiimimine kwenye maziwa ya moto, yatakatika; mtindi baridi unaipokea vizuri.

Majirani zangu wanachuma beri za Holunder (kwa Kiingereza elderberry) na kutengeneza shira. Zinafanana na forosadi ndogo. Naweza kuzila hivi hivi? (Hamburg)

Usizile mbichi. Forosadi unaitoa mtini na kuitia mdomoni. Holunder mbichi ina sumu inayotapisha na kuharisha, na matawi, majani na mbegu zake ndizo mbaya zaidi. Chukua nyeusi zilizoiva tu, ondoa vikonyo vyote, zichemshe vizuri dakika 20, na uchuje mbegu zitoke. Mara ya kwanza nenda na jirani anayeujua mti wenyewe.

Naweza kutumia asali badala ya sukari? Nataka kumpa mwanangu wa miezi minane. (Mombasa)

Kwako wewe ni sawa. Kwa mtoto, hapana kabisa. Asali haipewi mtoto ambaye hajatimiza mwaka, hata ikichemshwa, kwa sababu inaweza kuwa na vijidudu vinavyolegeza misuli hadi pumzi, na moto wa jikoni hauviui. Hata ya sukari usimpe. Mpondee tunda lenyewe lililoiva, alambe kwa kijiko.

Kanzu ya mume wangu imeingia doa la forosadi. Nimeisugua kwa sabuni, imekuwa buluu! (Pangani)

Rangi hii hugeuka: kwenye uchachu huwa nyekundu, kwenye sabuni huwa buluu. Suuza sabuni yote itoke, kamulia ndimu, na doa litarudi kuwa jekundu. Sasa tandaza sehemu hiyo juu ya bakuli, ikaze kwa mpira kama ngoma, na mwaga maji yanayochemka kutoka juu kidogo, kwa uangalifu, yapite katikati ya doa. Ni kwa kanzu ya pamba tu. Rudia mara mbili au tatu, kisha ndiyo uifue.